Aliyeshika Usukani

Baba alikuwa akimenya muhogo nilipomuuliza kama aliwahi kumfahamu mtu aitwaye Bruhan, mwenye duka la jumla, Mbale. Kisu hakikusita. Wakati huo macho yake yalikwisha kuingiwa na ukungu, kwa hiyo alimenya kwa kupapasa, ganda likishuka taratibu juu ya goti lake. Alimaliza muhogo ule, akautia majini, akachukua mwingine.

"Nani nakutuma?" akauliza.

"Sijatumwa na mtu, Baba. Nauliza mwenyewe."

Tulikuwa uani kwetu, Mpumudde, na nje ya uzio watoto walikuwa wakirudi kutoka shule kwa makelele. Nilisubiri. Nilikuwa nimejifunza kusubiri kwa ajili ya msichana mmoja na michezo ya visanduku.

Msichana huyo aliitwa Mastula. Tulikutana Jinja mwaka 1999, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako bibi mmoja aitwaye Annah alikuwa akifundisha kompyuta. Mashine zilikuwa chache na laini ya simu ilikuwa moja, tukiingia mtandaoni kwa zamu. Modemu ililia kwanza kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikanyamaza, na ukurasa ukaanza kuteremka mstari kwa mstari. Wenzetu walitafuta picha za wanamuziki na matokeo ya mpira. Mastula aligundua ukurasa wa kutungia mafumbo.

Fumbo lenyewe liko hivi. Kuna watu, kofia na nyumba. Unapewa madokezo machache: Khainza hana kofia nyekundu, mwenye kofia ya ukili haishi karibu na mto. Unafuta yasiyowezekana mpaka libaki linalowezekana. Ukurasa ule ulimruhusu mtu kutunga la kwake. Unaandika majina na madokezo, unauonyesha kila dokezo linafuta kisanduku kipi, nao unakuchorea jedwali. Ukimaliza, unauambia ulikague. Kama jibu ni moja tu, unakupa namba ya kumpelekea umtakaye. Kama majibu ni mengi, unakurudishia onyo kwa maandishi mekundu: madokezo hayatoshi.

Tulitunga kwa Kiswahili. Kiingereza tulikuwa nacho, lakini kilinuka darasa. Yeye kwao walisema Kimasaba, sisi Kialur, na Kiswahili ndicho kilichobaki kati yetu. Chake kilitoka dukani na msikitini. Changu kilitoka kwa Baba, nacho kilikuwa na kasoro ambazo sikuwahi kujua ni kasoro.

"Kofia *yake*, Conrad, si kofia *chake*," alikuwa akiniambia, akiinama kwenye kibao cha herufi hadi ushungi wake uniguse bega. "Mashine itakuelewa. Watu je?"

Watu walinielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Sokoni Jinja, ukimsalimia mtu kwa Kiswahili, alikutazama mikono kwanza. Wengi walikuwa wameisikia lugha hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mpumudde, Baba hakuwa na cheo tena, hakuwa na chochote. Miaka mingi alikuwa dereva wa lori la mbao, mpaka macho yalipomtoa kazini. Hata hivyo majirani walimwita Afande, na walimwita hivyo bila kutabasamu.

Mafunzo yalipokwisha, Mastula alirudi kwao Malukhu, mjini Mbale, akapata kazi ya kufundisha uchapaji. Mimi nilibaki Jinja nikimsaidia Bi Annah. Kila wiki namba zilikwenda na kurudi. Nilikuwa nikizifungua kama mtu anayefungua chungu kuona kimeiva nini. Aliwatia jamaa zake humo, mbuzi wao, wateja wakorofi wa baba yake. Siku moja fumbo lilikuwa na vijana watatu, miji mitatu na safari tatu. Mmoja alikwenda kununua baiskeli, mmoja kuzika, mmoja kujitambulisha kwa wazee wa msichana. Nilifuta na kufuta. Kwenye mstari wa Conrad vikabaki visanduku viwili tu: Mbale, na kujitambulisha.

Nilicheka peke yangu hadi Bi Annah akauliza kama nimeugua.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa swali la dini, maana ndilo tulilolihofia. Baba yake Mastula, Mzee Isa, alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, na alilipitia swali hilo kwa upole: mambo hayo yanazungumzika, alisema, kula kwanza. Nililishwa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. Dirishani mlima ulikuwa umesimama karibu kabisa, maporomoko ya maji yameshuka kama uzi mweupe. Mama yake Mzee Isa, Bibi Hajarah, alikaa mkekani na kikombe chake cha kahawa, akinisikiliza zaidi kuliko kunitazama.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "Kiswahili hicho nani amekufunza?"

"Baba yangu, Bibi."

"Alikuwa askari."

"Ndiyo. Zamani. Hata hapa Mbale alikaa." Nilisema kwa furaha, kana kwamba nimepata undugu. "Anaujua mji huu. Anaitwa Romano."

Bibi Hajarah alikiweka kikombe chini. Mzee Isa akamtazama mama yake, kisha akautazama mkono wangu uliokuwa bado sahanini. Hakuna aliyenifukuza. Waliniuliza kama nimeshiba, wakaniaga vizuri, na Mastula akanisindikiza hadi barabarani, ingawa naye alikuwa hajaelewa.

Alielewa usiku ule, naye akaniandikia. Bruhan alikuwa kaka mkubwa wa baba yake. Mwaka 1977, wakati sukari imeadimika nchi nzima, askari watatu walikuja dukani kwake mchana. Majirani walikuwa wamejifungia ndani, karibu wote hawakuona, walisikia tu. Walisikia majina yakiitwa: Romano, Herbert, na mmoja aliyeitwa Sajini tu. Mmoja alimpiga Bruhan. Mmoja alipakia magunia. Mmoja alikuwa kwenye usukani. Gari likaondoka kuelekea Tororo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona Bruhan, wala kaburi lake.

Chini ya barua pepe aliweka namba. Niliufungua ukurasa. Alikuwa amelipanga jambo lile kama tulivyozoea kupanga kofia na mbuzi: majina matatu, matendo matatu. Dokezo lilikuwa moja, kutoka kwa mwanamke aliyechungulia tunduni: Sajini hakubeba sukari. Na juu ya jedwali yalisimama yale maandishi mekundu. Madokezo hayatoshi.

"Sijui namna nyingine ya kukuuliza," alikuwa ameandika. "Mwulize baba yako. Nipe dokezo moja tu."

Ndipo nikaenda uani.

"Bruhan," Baba alisema hatimaye. "Mtu ya duka. Mrefu." Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa suruali. "Mimi ilikuwa dereva. Sajini nasema endesha, mimi naendesha. Hapana piga yeye. Hapana shika yeye. Dereva tu."

Sijui kama kuna mtu amewahi kulipokea neno *dereva* kwa furaha kama niliyoipata. Nilitaka kusimama niondoke nalo kabla halijachafuka. Lakini Baba hakuwa amemaliza, na nadhani hakuwa akisema nami tena.

"Yeye nakaa nyuma, mikono nafungwa. Yeye naniita ndugu. Nasema, ndugu, simama kidogo tu, nisali Alasiri, halafu tuende mahali unapeleka mimi. Sajini nalewa, nalala. Herbert iko juu ya magunia nyuma kabisa. Mimi naona mahali pa kusimama. Majani mazuri, kivuli." Akakipapasa kisu pale chini. "Sikusimama."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitamka neno kwa usahihi kama lile.

"Kwa nini, Baba?"

"Nataka kufika mapema. Wao nagawa sukari jioni, na mtu ya kuchelewa hapana pata." Akageuza uso upande wangu, macho yake yale meupe yakinitafuta. "Nyumbani uji ilikuwa bila sukari. Wewe ilikuwa mtoto, nakataa kula."

"Mlimpeleka wapi?"

"Kambini. Yeye nashuka kwa miguu yake. Baadaye mimi hapana jua."

Siku iliyofuata niliingia kwenye ukurasa na kuandika dokezo: Romano aliendesha. Jedwali likajijibu lenyewe. Sajini alipiga, Herbert alibeba. Maandishi mekundu yakatoweka. Jibu lilikuwa moja tu, na ukurasa ukanipongeza, kama ulivyompongeza kila mtu. Hapakuwa na kisanduku cha Alasiri, nami sikuandika zaidi.

Mastula alijibu kabla sijaondoka kitini. "Alhamdulillahi. Aliendesha tu! Nimemsomea Baba. Anasema dereva ni mtu wa kutumwa. Njoo Ijumaa."

Nilikwenda. Hii ndiyo safari ninayoikumbuka kila kona yake, kwa sababu nilikuwa mtu mwenye heri na nilijua kwamba nitaacha kuwa. Ningeweza kunyamaza. Njia nzima hadi mlangoni niliapa kunyamaza. Mzee Isa alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema zama zile zilikuwa ngumu, na mtu hahukumiwi kwa usukani. Mastula alileta chai, akanitazama kama zamani. Kisha Bibi Hajarah akanisogelea kwenye mkeka, akaweka kiganja juu ya goti langu.

"Mwanangu," alisema, "sitaki ugomvi na baba yako. Nina swali moja la mama. Njiani, Bruhan alisema nini?"

Wote waliningoja, si kwa ubaya. Walitaka chochote. Salamu, jina, hata kilio. Nilimtazama kikongwe yule aliyemzaa mtu na hakumzika, na nikaona kwamba kama nitasema sijui, nitakuwa nimechukua kitu kutoka nyumba ile kwa mara ya pili.

"Aliomba wasimame aswali Alasiri," nikasema.

"Wakasimama?"

"Sajini alikuwa amelala. Hapakuwa na wa kumkataza Baba. Hakusimama, Bibi."

Nikawaambia yote, mpaka sukari, mpaka mtoto aliyekataa uji. Nilipofika hapo Mzee Isa aliinua macho, akanitazama kwa makini, nikaona akihesabu umri wangu. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole sana. Bibi Hajarah aliuondoa mkono wake gotini pangu. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuhitaji kujifunikia uso.

Mastula alinisindikiza hadi kituo cha mabasi. Tulipita katikati ya maduka ya jumla, wapagazi wakitusukuma kwa magunia yao, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyetazama magunia yale yana nini.

"Ulifanya vizuri kusema," aliniambia.

"Kwa hiyo?"

"Conrad, siku nitakapojifungua, baba yako ndiye babu. Nitampa mtoto amshike?" Sauti yake haikupanda. "Na wewe huwezi kumwacha. Haoni, hana mtu mwingine. Ungemwacha, nisingekutaka."

Alikuwa amefuta kila kisanduku mwenyewe. Kondakta alikuwa akiita Jinja, Jinja, Kampala. Mastula alingoja hadi nipate kiti cha dirishani, akainua mkono kidogo, akageuka kabla basi halijaondoka.

Nilimwandikia mara kadhaa. Baadaye nikasikia ameolewa na mwalimu wa Bungokho, mtu mwema. Bi Annah alifunga darasa lake, mashine zikauzwa. Sikutunga fumbo jingine.

Jioni ile niliyorudi kutoka Mbale nilimkuta Baba amejipikia mwenyewe, akila gizani, maana taa haikumsaidia tena. Niliwasha, nikakaa ng'ambo ya meza. Alijua nilikotoka.

"Wewe naambia wao?"

"Nimewaambia."

"Wao nasema nini?"

"Mama yake aliuliza kama aliswali."

Baba alitafuna polepole, akameza. Mkono wake ukaanza kutambaa juu ya meza, ukapita sahani, ukapita kikombe, ukitafuta.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

Nikaisogeza mpaka ikagusa vidole vyake.