Saa ya Bihogo

Anatory alipotangaza kwamba muziki wa ziara yake ya mwaka huu utapigwa saa tisa alasiri, watoto bure, pombe marufuku, wazee viti vya mbele, wanamuziki wenzake wa Mwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu aliyefunga mabaa kwa miaka thelathini jogoo wakiwika, leo anaimba saa za kliniki ya watoto! Mmoja alimuuliza kama kila tiketi itakuja na kikombe cha uji. Anatory alicheka nao, maana kwa miaka hamsini na minane mtu hujifunza kucheka, kisha akaendelea kufunga spika zake kwenye gari.

Ukweli alimwambia Jovitha peke yake, mama wa Muleba anayemsimamia kazi. Ziara nzima ilikuwa kisingizio. Alitaka mtu mmoja tu amsikie akiimba: baba yake, Mzee Muhwezi wa Bweranyange, mwenye miaka themanini na minne, ambaye hakuwahi hata siku moja kukanyaga mahali mwanawe anapopiga muziki.

Si kwamba walikosana. Afadhali wangekosana, ugomvi huwa na suluhu. Siku Anatory anaondoka nyumbani na gitaa la kuazima, mzee alimwambia, "Siku yangu mimi inaisha ng'ombe wakishalala. Muziki unaoanza baada ya hapo si wangu." Akamshika kichwa, akambariki, akarudi zizini. Tangu hapo kila Krismasi wanaongea habari za majani, mvua na homa ya ndigana inayoua ndama. Habari ya nyimbo, kimya.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba wimbo uliompa jina ulikuwa wa huyo huyo baba. Bihogo alikuwa ng'ombe wa kahawia iliyokolea, mwenye pembe ndefu, aliyepewa jina hilo kwa rangi yake. Kila jioni mzee alimkamua huku akimsifu kwa Kinyambo, lugha ya kwao: pembe zake, mwendo wake kwenda mtoni, jinsi alivyovuka ukame wa mwaka fulani na ndama wake hai. Anatory alizichukua sifa zile akazitia gitaa, na watu wa mjini wakacheza usiku kucha wasijue kwamba wanacheza ng'ombe. Sasa alitaka mwenyewe ausikie, angalau mara moja, kabla mmoja wao hajatangulia.

Ziara ilianzia Kihanga, na kwa kweli ilifana. Mabibi walicheza na wajukuu, watoto wakapanda jukwaani wakakataa kushuka. Kituo cha pili, Nyakasimbi, mama mmoja aitwaye Prudensia alimsogelea baada ya onyesho, akamkazia macho, akasema, "Kumbe ni wewe uliyekuwa unanicheleweshea mume wangu!" Kisha akacheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mume alikuwa ameshafariki. Yeye mjane alikuja kusikia hizo nyimbo zilikuwa na utamu gani hata mtu akasahau chakula chake mezani. Anatory hakujua aombe radhi au ashukuru, akafanya yote mawili. Nkwenda, kule Kyerwa, waliimba mvua inanyesha na hakuna aliyeondoka.

Mwisho ikawa Bweranyange. Viti vya mbele vilijaa wazee wenye fimbo na kofia, na katikati yao, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, alikaa Mzee Muhwezi. Anatory alipomwona, wimbo wa kwanza aliuanza juu mno. Mzee alisikiliza akiwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Hakutikisa kichwa, ila hakusinzia pia. Mcheza kwao hutunzwa, Anatory akajipa moyo, akazidi kupiga. Wimbo wa Bihogo aliuweka mwisho, kama wanamuziki wanavyofanya duniani kote: kitamu huwekwa nyuma ili watu wasiondoke.

Ikafika kama saa kumi na moja. Mzee mmoja wa mbele akainuka na fimbo yake. Anatory akadhani anakwenda msalani. Akainuka wa pili. Wakainuka watano kwa pamoja, bila kusema neno, na vijana nyuma wakawafuata. Halafu, wimbo ukiwa katikati, Mzee Muhwezi akasimama, akavaa kofia yake, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

"Kaka Anatory, tumewaudhi nini?" Jovitha alinong'ona pembeni ya jukwaa, macho yamemtoka. "Nusu ya uwanja imekwenda!"

Anatory aliendelea kupiga kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona huzuni ya kitoto kabisa, ya mtu mzima mwenye mvi. Miaka yote hii nimengoja, akawaza, na ameinuka wimbo ukiwa katikati. Wimbo ulipokwisha aliinama kuchomoa waya wa gitaa. Bihogo hangeimbwa.

Ndipo dada yake, Kyarisiima, alipomvuta suruali kutoka chini ya jukwaa.

"Wewe, mji umekula akili zako? Unajua ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na ushee."

"Na saa kumi na moja na ushee kwetu kunafanyika nini?"

Anatory akainua macho. Kule mtelemkoni ng'ombe walikuwa wanarudi, pembe tupu juu ya vumbi, na ndama kwenye mazizi walikuwa wameshaanza kuwalilia. Wenye mifugo walikuwa wamekwenda kukamua. Kihanga, Nyakasimbi na Nkwenda kulikojaa migomba na kahawa hakuna aliyekuwa na haraka ya jioni, na Jovitha wa Muleba angejuaje? Lakini yeye! Mtoto wa zizini kupanga muziki wake juu ya saa ya kukamua, halafu kuweka wimbo wa ng'ombe mwisho! Alijicheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Akampa Jovitha maiki, akamwambia awapambanishe watoto waliobaki kwa kucheza, akashuka mbio bila gitaa.

Alimkuta baba yake amechuchumaa katika moshi wa zizi, ameshika ekyanzi, chombo cha mti cha kukamulia, mbele ya ng'ombe wa kahawia iliyokolea. Alikuwa wa ukoo wa yule wa zamani na alirithi jina lake. Ndama alikuwa ameshanyonyeshwa kidogo na kufungwa kando.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kanyaga polepole, utamshtua."

"Nisamehe, baba. Nilisahau saa."

"Niliona umesahau," mzee alisema. "Na wimbo wa Bihogo, umeuimba?"

Anatory alishtuka. Hakujua kwamba mzee anaujua. "Bado. Nilikuwekea mwisho."

"Huo redioni nauzima."

Neno hilo lilimwingia Anatory kama mwiba wa unyayoni. Mzee aliendelea kusafisha chuchu kwa kiganja, taratibu, kama kawaida yake.

"Nakwenda na redio malishoni," alisema. "Ukianza tu kuimba, Bihogo anaacha majani. Wenzake wanamfuata. Saa sita mchana nawakuta wamesimama langoni, wanataka kukamuliwa. Wanadhani ni mimi. Sauti uliyonayo ni yangu, ile ya zamani, kabla haijakauka. Sasa mtu utaachaje ng'ombe washinde njaa kwa ajili ya redio? Nauzima. Nikirudi nyumbani usiku, nikisikia unapigwa tena, siuzimi."

Anatory akasogea karibu, akachuchumaa kando yake.

"Mimi siku hizi nikimsifu hanisikii," mzee alisema, na sauti yake kweli ilikuwa kama majani makavu. "Anazuia maziwa. Haya, imba. Saa yake ndiyo hii."

Anatory akaimba bila gitaa na bila maiki, kwa sauti ya chini, kwa Kinyambo, machozi yakimtiririka wala hakuyafuta. Bihogo alitega masikio, akashusha kichwa, na maziwa yakaanza kuingia chomboni, kwanza kwa kusitasita, halafu mfululizo. Wimbo ulipokwisha Mzee Muhwezi hakupiga makofi. Mikono ilikuwa na kazi.