Kikapu cha Mshonaji

Mshonaji alikuwa na hakika kwamba mwizi ni wifi yake. Jana wifi aliomba kompyuta aandike barua, na leo vipimo vya wateja, miaka sita ya mabega na viuno, havipo. Na huyo wifi mwezi ujao anafungua duka lake la kushona!

"Vipimo vyangu umevipeleka wapi?"

"Wifi, niliandika barua tu. Niapishe ukitaka."

"Una macho makavu wewe! Kaa hapo, fundi anakuja."

Fundi wa kompyuta alipofika, mshonaji alimsimamia mgongoni, asije naye akala njama.

"Mama, hapa kuna programu ya kusafisha. Nani aliiweka?"

"Mimi. Iliniuliza kama nataka mashine iwe nyepesi, nikakubali."

"Imefuta vyote vilivyokuwa kwenye taka. Vipimo ulivihifadhi wapi?"

Mshonaji akagusa picha ya kikapu pembeni mwa kioo. "Humu. Kwani vikae wapi?"

Fundi akatazama chini ya cherehani. Palikuwa na kikapu cha ukindu kilichojaa karatasi za vipimo, zimekunjwa vizuri. Akaelewa.

"Mama, hicho cha kwenye kompyuta ni cha taka. Nitajaribu kuvirudisha, ila sina uhakika."

Wifi akachukua mkoba wake.

"Kaa kwanza, wifi yangu," mshonaji akasema kwa sauti ndogo.

"Nikae, halafu kesho ikipotea sindano?"

Mshonaji akamsogezea kiti chake cha cherehani, ambacho hajawahi kumpa mtu. Wifi akakaa, lakini mkoba hakuutua.