Makaburi ya Jumbe Zebedayo

Hasira za Marita hazikuanza asubuhi ile. Zilianza mwaka ule jumbe Zebedayo alipowaswaga watu kama ng'ombe kwenda kujenga tuta ukingoni kabisa mwa mto Momba, ili mbuga yote ilimwe mahindi. Mumewe, Kasiani, alisema mto unahitaji pa kupumulia wakati wa masika. Kwa maneno hayo akachapwa viboko barazani. Tuta likasimama, matete yakakauka, kambale wakatoweka mbugani, na masika moja mto ukalipasua tuta ukambeba Kasiani. Walimkuta matopeni, wakamzika shambani kwake.

Sasa bwana shamba, Mzungu kutoka bomani, alikuwa mbele ya watu wenye majembe, anaeleza kwamba tuta lirudishwe nyuma, mto upate nafasi ya kutandaa na samaki warudi kuzaliana. Aliyasema kana kwamba ameyaota yeye jana. Kasiani alipoyasema yalikuwa ukaidi.

Hata hivyo Marita angechimba, maana hakutaka mto umchukue na bintiye Nesta. Kilichompandisha damu ni vijiti vya kupimia njia ya tuta jipya. Vilikata mashamba ya kila mtu, lake likabaki upande wa mto, lakini vilipofika kwa jumbe vikajipinda kulikwepa shamba lake, hadi karibu na maji. Hapo ndipo mto ungepasua tena, na nyumba zote za nyuma zingekwenda na maji.

"Mbona hapa vimepinda?" akauliza.

"Kuna makaburi," bwana shamba akajibu. "Jumbe anasema babu yake amelala hapo. Hatuwezi kumwacha afunikwe na maji."

Watu wakainamisha vichwa. Waoga wakubwa, wote walijua.

"Shemeji," Marita akamwambia Zebedayo, kwani yeye na Kasiani walikuwa wajukuu wa mzee mmoja, "babu yenu alizikwa kule mlimani. Mimi ndiye niliyewamiminia maji ya kunawa mlipotoka kumzika. Na wewe ulinawa."

"Mama Nesta, usinivunjie heshima mbele ya mgeni."

"Basi tuonyeshe kaburi, tuombe kabla ya kuanza kazi."

Zebedayo akayaangalia mahindi yake, akaangalia viatu vyake.

"Kaburi mbugani ni moja tu, la Kasiani," Marita akasema. "Liko shambani kwangu, upande wa mto, na nimenyamaza ili watoto wa watu wasife. Wewe umemshusha babu mlimani kwa sababu ya mahindi."

Bwana shamba akaenda mwenyewe kung'oa vile vijiti, akavipigilia nyuma ya shamba la jumbe, sawa na vingine. Kisha akasema kazi ianze. Hakuna aliyemwomba Marita radhi, wala aliyelitaja jina la mumewe.

Marita akaenda kulipalilia kaburi kwa mara ya mwisho. Aliporudi alimfuata Zebedayo, akamnyooshea jembe lenye udongo wa kaburi.

"Tuta la kwanza alichimba Kasiani," akamwambia. "Hili anza wewe."

Na jumbe, mbele ya watu wote, akalipokea.