Pini ya Shaba ya Mama Kona

Mama yangu na mume wangu wanaheshimiana kiasi cha kuudhi. Wakikutana mlangoni, hakuna anayekubali kutangulia. "Pita, Mama." "Hapana, baba, pita wewe." Na mimi nyuma yao nimeshika sufuria la moto.

Ndiyo maana jambo dogo kama pini lilituhangaisha muda wote ule.

Mume wangu ni fundi wa fimbo za pool. Mama alikuwa mchezaji wa kuogopwa. Ukumbini walimwita Mama Kona, kwa sababu mpira ukisogea karibu na pembe ya meza, kwake ulikuwa umeshazama. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari alisema si ugonjwa wa kuua, ni wa kuishi nao. Mama akaiegemeza fimbo nyuma ya kabati, ukumbini hakuonekana tena.

Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni kwamba nilipojifungua, alikataa kumpakata mwanangu. "Nitamwangusha," alisema, akaificha mikono kwapani. Kila asubuhi alikuja hadi ukingoni mwa kitanda. "Mume wangu, umeamkaje?" Ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kiume. Alimchekea kwa mbali, akaondoka. Mtoto akanenepa, akajua kucheka, bibi yake bado anamgusa kwa kidole kimoja tu. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Mume wangu aliliona hilo. Alisema mkono wa mama umeingiwa na woga, na dawa ya woga huo ni kitu ambacho mkono unakijua tangu zamani. "Akirudi kuiamini fimbo, atajiamini hata kwa mtoto." Akaipeleka fimbo karakana.

Ni fimbo ya vipande viwili, vinavyounganishwa katikati na pini nene inayozungushwa kama skrubu. Pini ikiwa nzito, fimbo inalemea mbele. Ikiwa nyepesi, uzito unarudi nyuma, kwenye mkono unaoshika. Ya mama ilikuwa ya chuma. Mteja mwingine yeyote, mume wangu humsimamisha mezani na kumtazama akipiga. Lakini amwambie mama mkwe ainame mbele yake? Bora afe. Akanipima mimi! "Mna mikono ileile," alisema. Akakereza pini ya alumini, nyepesi kabisa, ili mgonjwa asichoke.

Mama aliipokea fimbo kwa mikono miwili. "Nzuri sana, baba. Mungu akubariki." Kisha akairudisha nyuma ya kabati.

Ikawa funika kombe mwanaharamu apite. Huyu ananiuliza, "Mama ameipenda?" Yule ananinong'oneza, "Usimwambie, atavunjika moyo." Mdomo wangu hauna breki, na kazi ya utarishi ilikuwa imenichosha. Jumamosi nikamfunga mtoto mgongoni, fimbo mkono huu, mama mkono huu, hadi karakana.

"Leo hapa hakuna mkwe," niliwaambia. "Kuna fundi na mteja. Mama, sema."

Mume wangu akaanza kukagua vumbi la mbao sakafuni.

"Baba, nisamehe," mama alisema mwishowe. "Umenipa fimbo nyepesi kama usufi. Nikiinyoosha tu, ncha inahangaika kama inzi dirishani."

Nilidhani mume wangu ataaibika. Wapi! Aliondoa turubai lililofunika meza yake ndogo ya kujaribia. "Piga, Mama, nione," alisema, na safari hii aliutazama mkono wa mkwewe bila haya.

Mama akainama. Ncha ikayumba, mpira ukaenda zake kusikojulikana. Mume wangu akatoa pini ya alumini, akarudisha ile ya chuma. Afadhali kidogo. Akasimama akijikuna kidevu, halafu akatoa kipande cha shaba kwenye droo.

"Hii ni nzito kuliko chuma, Mama. Nahofia itakulemea."

"Acha inilemee."

Akakereza pale pale, tukingoja. Alipoifunga, mama akainama tena. Mkono ulitetemeka, ukaukuta ule uzito, ukatulia. Mpira ukatumbukia kona bila kugusa ukingo.

"Kumbe mkono ukikosa mzigo ndio unaotangatanga," mama alisema, akiutazama. Mume wangu akapiga makofi, adabu zote kasahau.

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nafungua fundo la mbeleko kifuani. Nilimshusha mwanangu mgongoni, mnene, mashavu yamelegea kwa usingizi, nikasimama mbele ya mama.

"Huyu naye si mwepesi," nilisema.

Alirudi nyuma. Akanitazama, akamtazama mkwewe. Mume wangu akaichukua fimbo mkononi mwa mama taratibu, akailaza mezani, mikono ya mama ikabaki mitupu.

"Mshike, Mama," alisema.

Nikamweka. Mikono ilitetemeka, mtoto akafumbua macho. Kisha uzito wake wote ukamlalia bibi yake kifuani, na mikono ikatulia.

"Mume wangu," mama alinong'ona, machozi yakimdondokea mtoto kichwani, "kumbe u mzito hivi, na siku zote hukuniambia."