Pori Tupu la Ilogelo

Kijitabu cha Chuo Kikuu cha Ilogelo, kile wanachogawiwa wageni siku ya mahafali, kilikuwa na picha kumi na tatu za Mkuu wa Chuo na ukurasa mmoja wa historia. Ukurasa huo ndio aliopewa Juliana auandike. Alikuwa mkutubi, na alikuwepo chuoni tangu enzi ambazo hakukuwa na kitabu hata kimoja cha kutunza, ila madawati ya kuazima chini ya bati lililovuja.

"Usijisumbue, Mama Ndaki," Mkuu huyo, Dakta Thobias, alimwambia. "Anza tu hivi: chuo kilianzia kwenye pori tupu, njia ya kwenda Kharumwa, kwa imani na wanafunzi arobaini. Kisha taja shahada zetu."

Juliana akaitikia, akaenda kuketi mezani kwake maktabani. Aliandika habari za ualimu na uuguzi, za kisima, za bweni la wasichana lililoezuliwa na upepo. Hayo yalimtoka bila shida. Sentensi ya kwanza ndiyo iliyomgomea, kwa maana yeye alijua pori lile lilikuwa na nini tumboni.

Miaka kumi na sita nyuma, pale ilipo maktaba palikuwa na duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu. Mumewe Magesa alishuka humo asubuhi na wenzake sita, kifusi kikawafunika. Watu walichimba siku nne. Siku ya tano Jilala, mwenye duara, akasema waliomo wamekwisha kufa, lifukiwe liwe kaburi lao. Wajane waliitwa watangulie kutupa udongo, na Juliana akawekwa mbele, wanawake wawili wamemshika mikono.

Alitupa konzi moja. Ndipo akasikia: ngo, ngo, ngo.

Wachimbaji wa pale walikuwa na sheria yao, na hata mama ntilie wa machimboni aliijua. Aliye chini akitaka kuvutwa, hugonga nyundo mara tatu. Aliye juu hujibu mara moja, maana yake tumekusikia. Asipojibiwa hugonga tena. Juliana aliwatazama wenzake, hakuna aliyegeuza hata shingo. Akajiambia ni mawe yanatulia, ni masikio ya mfiwa, ni njaa. Makoleo yakaanza, naye akanyamaza.

Chuo kilipokuja kutafuta eneo, Jilala aliuza na mdomo wake akaufunga. Juliana akaomba kazi. Watu walidhani anafuata mshahara, kumbe alitaka tu kuwa karibu na Magesa. Basi akapata alichotaka, na zaidi. Tangu maktaba ijengwe, mchana kweupe, wanafunzi wametulia na vitabu vyao, aliisikia sauti ile ya nyundo chini ya rafu ya mwisho. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Wanafunzi walisema ni mabomba.

Hakuwahi kujibu. Kujibu kungekuwa kukubali kwamba Magesa alikuwa hai wakati konzi ile ya udongo ilipomwangukia, kutoka mkononi mwa mkewe. Aliliogopa hilo kuliko mzimu wowote. Kwa woga huo akamwacha mumewe agonge miaka yote ile. Lakini kuandika "pori tupu" kulikuwa kumtupia konzi ya pili, na hiyo mkono wake uliikataa.

Siku ya kukabidhi ukurasa, Dakta Thobias alimfuata maktabani mwenyewe. Alisoma akiwa amesimama, na uso ukambadilika.

"Mama Ndaki, ndiyo nini hii? 'Chuo kimejengwa juu ya watu saba.' Na majina yao. Halafu hapa, 'Siku ya tano mmoja wao aligonga, na mtu mmoja alisikia akanyamaza.' Mzazi gani ataleta mwanawe hapa? Nani kakwambia habari hizi?"

"Sikuambiwa, Mkuu. Nilikuwepo."

"Na huyo aliyenyamaza?"

"Ni mimi."

Dakta alifungua kinywa aseme neno. Ngo, ngo, ngo. Ilitoka chini ya rafu ya mwisho. Dakta akaigeukia rafu.

"Mabomba," alisema.

"Upande huu haujawahi kuwa na bomba, Mkuu. Wewe ndiye uliyesaini ramani."

Juliana aliuchukua muhuri wa maktaba, ule wenye mpini mzito wa mti, akaenda hadi kwenye rafu ile. Akapiga magoti juu ya vigae, taratibu, kwa kuwa magoti yenyewe hayakuwa ya jana. Akagonga mara moja.

Kimya. Alisubiri ianze tena, haikuanza. Alikuwa amedhani siku akijibu moyo utapoa. Badala yake alilaza shavu sakafuni, akalia kilio cha mjane wa siku ya kwanza, na Dakta Thobias akasimama pale pale, hajui aweke wapi mikono yake.

"Nimekusikia, Baba Ndaki," alisema. "Nilikusikia siku ile ile."