Daktari Javan Ashika Chaki

Miaka yote Daktari Javan alifundisha watu kufundisha, pale chuo kikuu Homa Bay, lakini mbele ya mtoto hakuwahi kusimama. Ukimwita mwalimu, ananuna hadi jioni. Walimu ni wale anaowatengeneza yeye, wakatupwe vijijini wakale vumbi.

Sasa wakubwa wa elimu, wakikosa la kufanya ofisini, hutunga kanuni. Safari hii wakasema: mhadhiri wa ualimu hapandi cheo kabla hajafundisha somo moja shule ya msingi, profesa akitazama. Na cheo hicho Javan alikuwa amekingoja mpaka mke wake akaacha kuuliza.

Akashuka Muhuru Bay, shuleni alikokuwa mwanafunzi wake Pauline kwa mazoezi ya kufundisha. Akamvuta kando.

"Madam, watoto wako wanajua hesabu za sehemu?"

"Wachache tu, Daktari."

"Basi waambie wote wainue mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto."

Pauline akacheka. "Si ndiyo hiyo ulininyimia alama? Ulisema ni udanganyifu."

"Kwako ulikuwa udanganyifu. Kwangu ni mkakati."

Profesa Mwikwabe, aliyekuja kumkagua, akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti kifuani.

"Nusu ya robo ni ngapi?" Javan akauliza.

Mikono ikasimama msitu mzima. Moyo ukamtulia. Akachagua ile aliyoiona upande wa kulia, asikumbuke kwamba watoto wamemwelekea: kulia kwao ni kushoto kwake.

"Wewe."

Roselyn akasimama. "Sijui, mwalimu."

"Wewe, wa nyuma."

Boaz akakuna kichwa. "Mimi hata robo yenyewe sijui."

Wa tatu akajificha nyuma ya daftari. Wa nne akaanza kulia. Pauline, dirishani, alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Javan akadhani anapongezwa, akaendelea.

Kengele ilipolia, shati limemganda mgongoni, alijua cheo kimezama ziwani. Mwikwabe akajinasua dawatini, akamshika mkono.

"Sijaona hii tangu nianze kukagua! Wengine huchagua wanaojua. Wewe umewatafuta wanyonge, mmoja mmoja, na hukumkosa hata mmoja! Cheo ni chako. Njia hii tutaipeleka nchi nzima."

Javan akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Ni falsafa yangu tu, Profesa."

Wakaelekea walikokaangiwa samaki. Mlangoni mwa chumba cha chakula Roselyn akamshika koti.

"Mwalimu, sasa ni ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Nusu ya robo."

Javan akamtazama profesa, aliyekuwa ameshaanza kunawa.

"Muulize Madam Pauline," akasema, akalichomoa koti lake.