Bega Lililopigiwa Kura

Bega la Badibanga lilitoka mahali pake Jumapili mchana, na kufikia Jumatatu asubuhi kila mtu katika mtaa wa Manika alikuwa daktari wa mifupa.

Mama Mbelu aliyasikia yote, maana alikuwa akikaanga mikate mbele ya gereji ndogo ya Tata Symphorien, fundi wa pikipiki za taxi, na hapo ndipo mashabiki wa timu ya Umoja walipokutana kila asubuhi kabla ya kazi. Walinunua mikate ya moto, wakala wamesimama, wakabishana. Miaka minane Mama Mbelu alikuwa amesikia habari za kila goli la Umoja, na hakuwa ameona mechi hata moja. Sababu ilijulikana na wote: Badibanga, kiungo wa timu, alikuwa mkwe wake.

Babu zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na pamoja na masanduku yao walikuja na heshima ya buko, yaani ya ukwe. Mwanamume hamkazii macho mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake, hamshiki mkono, na zaidi ya yote haonekani mbele yake mapaja wazi. Sasa, ni kiungo gani anayecheza na suruali ndefu? Basi Mama Mbelu alibaki na mikate yake, Badibanga akabaki na kiwanja chake, na upendo wao ukapitia mlangoni. Kila Jumamosi Badibanga alileta mfuko wa unga wa mahindi, akauweka kizingitini, akabisha mara mbili, kisha akakimbilia nyuma ya ukuta. Mama Mbelu akifungua, aliuambia ukuta, kama anayesema na baba, "Aksanti, tata." Na ukuta uliitikia, "Eyo, mama."

Siku ya ajali walikuwa wakicheza na timu ya Kisenge. Badibanga aliruka kupiga mpira kwa kichwa, akaangukia bega la kulia kwenye udongo mgumu, na kipa wa Kisenge, mtu wa kilo nyingi, akaangukia juu yake. Daktari alilirudisha bega, akafunga mkono kwa kitambaa shingoni, akasema: juma nane bila mpira, na asiinue kitu kizito. Aliongeza kwamba bega likitoka tena kabla ya kupona, litazoea kutoka, na mwenye nalo itambidi alishike lisitoke hata akivaa shati.

Fainali na timu ya Reli ya Lubudi ilikuwa baada ya juma nne.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo mashabiki hawakulihesabu. Glodie, binti wa Mama Mbelu, alikuwa amejifungua siku sita kabla ya ajali, mtoto wa kike, Abigaëlle. Badibanga alikuwa amembeba mara chache tu, kwa woga, kama mtu anayebeba mayai. Sasa, mkono ukiwa umefungwa, alimwangalia tu mtoto akiwa amelala kwenye mkeka. Kila wanaume wa gereji walipotaja fainali, Mama Mbelu aliwaza mkeka ule.

Kazi ya kutafuta juma za kupona ilifanywa wazi, mbele ya karai la mafuta. Tata Symphorien alieleza kwamba bega ni kama beringi ya gurudumu: unairudisha, unatia grisi, unaondoka. Alilipangia siku kumi. Guelord, kijana mchimbaji aliyetoka Kisangani kutafuta shaba na kobalti, alisema kule shimoni bega linarudishwa saa sita na saa saba mtu anachimba. Yeye alilipangia juma moja, na alitoa hilo kwa huruma. Mama Kapinga, muuza samaki wa chumvi na mpiga ngoma mkuu wa mashabiki, alikuwa amezaa watoto sita na hakuogopa maumivu ya mtu mwingine. Alisema juma tatu. Kuna aliyeleta habari ya mchezaji wa Ulaya aliyerudi uwanjani kabla kidonda hakijakauka. Mama Mbelu, akigeuza mikate, alisema polepole kwamba huyo wa Ulaya ana watu wa kumbebea hata soksi.

Alikumbusha pia kwamba daktari alisema nane.

"Mama," alisema Kapinga, "ule docta, mama yake alizaliwa Lubudi."

Walicheka mpaka Symphorien akaangusha spana. Kisha, kwa kuwa hesabu zilikataa kukubaliana, walipiga kura. Wangapi wanasema juma nne? Mikono kumi na mmoja ilipanda juu. Mama Mbelu aliitazama ile mikono yote ikipanda bila shida, akawaza kwamba mwenye bega mwenyewe hangeweza kupiga kura hiyo.

Hangeweza kuwakasirikia. Guelord ndiye aliyekuwa akimchotea Glodie maji kila jioni tangu ajali, madumu mawili mawili, na hakuwahi kuingia ndani kuomba hata chai. Kapinga alifua nguo za mtoto juma zima, akazirudisha zimekunjwa vizuri kuliko za dukani. Symphorien alikataa nauli siku aliyompeleka Badibanga hospitali. Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Glodie alimweleza mama yake kwamba mume wake amesikia maneno ya daktari, lakini anaona haya. Atawakataliaje watu wanaomchotea mke wake maji?

Jumamosi ya mwisho kabla ya fainali, Mama Mbelu hakungoja mlango ubishwe. Alisimama nyuma ya pazia. Alimwona mkwe wake akija na mfuko wa unga katika mkono wa kushoto, bila kitambaa shingoni. Badibanga alitazama huku na huku, akahamishia mfuko mkono wa kulia, akajaribu kuuinua. Mfuko ulifika magotini. Uso wake ukajikunja, akauweka chini, akaegemeza paji la uso ukutani. Kisha akabisha mara mbili na kukimbia.

"Aksanti, tata."

"Eyo, mama."

Na kwa mara ya kwanza katika miaka minane, Mama Mbelu aliuuliza ukuta swali.

"Na ile bega?"

Ukuta ulijibu, "Bega iko muzuri, mama."

Mkwe hamlilii mama mkwe. Na mama mkwe hamwambii mkwe wake kwamba anasema uongo. Mama Mbelu aliingiza unga ndani, akaketi, akafikiri mpaka usiku ukaingia na uji wake ukapoa.

Jumapili, baada ya misa, hakuvua kitenge chake cha kanisani. Alijaza mikate kwenye kikapu, akaenda kiwanjani kwa miguu. Watu walipomwona walimpisha mmoja mmoja. Alipita mbele ya mashabiki wa Lubudi akawasalimia vizuri, akafika kwenye benchi la wachezaji wa akiba wa Umoja, akaketi katikati, kikapu magotini.

Upande wa pili wa kiwanja Badibanga alikuwa akikimbia taratibu ndani ya traksuti. Alimwona. Akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake, akajificha nyuma ya ngoma ya Mama Kapinga. Ngoma ile ilikuwa kubwa, lakini haikutosha kumficha kiungo mzima.

Kocha, Tata Ngoyi, alikuja wa kwanza. Naye alikuwa mtu wa Kasai. Alivua kofia, akamuuliza hali ya nyumbani, akarudi bila kusema alichokuja kusema. Guelord hakuelewa kwa nini mama mmoja mwenye mikate anasimamisha fainali, ikabidi Symphorien amweleze: mbele ya huyu, Badibanga hawezi kuvua ile suruali, hata kwa kombe la dunia. Guelord alipendekeza acheze nayo. Mwamuzi alikataa. Basi Guelord akachuchumaa mbele ya benchi na kuomba, kwa heshima yote, kama mama angeweza kufumba macho dakika tisini.

"Mwanangu," Mama Mbelu alimwambia, akimpa mkate, "macho ya bazee inajifungulaka yenyewe."

Mashabiki wa Lubudi walikuwa wameshaanza kuimba kwamba Umoja wanafundishwa na bibi. Hapo Mama Kapinga alikumbuka. Kwa desturi, mkwe anaweza kumpa mama mkwe kuku, na kuku akipokelewa, aibu inalegezwa kwa siku hiyo. Kabla hajamaliza kusema, Guelord alikuwa juu ya pikipiki ya Symphorien. Baada ya dakika kumi alirudi na kuku mwekundu, mnene, mwenye hasira, miguu yake imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi.

Mama Mbelu alimtazama kuku, akamsifu. Alisema atapokea, kwa nini asipokee, mkwe wake ni mtu wa heshima. Kitu kimoja tu.

"Kuku ya mukono moja sipokee. Alete na mikono mbili, anyooshe vizuri, vile batu banafanyaka."

Wote walikubali kwamba ni haki; nani anampa mkubwa kitu kwa mkono mmoja? Ni Kapinga peke yake aliyemkazia macho Mama Mbelu, kisha akarudi kwenye ngoma yake bila kuufichua mtego. Mama Mbelu aliliona hilo na kuliweka moyoni.

Badibanga alitoka nyuma ya ngoma. Alikuja uso umeelekea pembeni, kama inavyotakiwa, akapiga magoti hatua tatu kutoka kwenye benchi. Guelord alimwekea kuku mikononi. Mkono wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulifika kiunoni ukasimama hapo, ukitetemeka, na jasho likaanza kushuka shingoni mwake. Alijaribu tena. Kuku alihisi kwamba upande mmoja haushikwi sawasawa, akapiga mbawa. Mpira wa tairi ukaachia, akaruka, akaingia kiwanjani akikimbia kuelekea goli la Lubudi. Kipa wa Lubudi alijitupa, akamdaka kwa mikono miwili, na kuku akamdonoa kidole.

Hata hivyo waliocheka walikuwa wachache. Wengi walikuwa bado wanautazama ule mkono.

"Ba ndugu," Guelord alisema kwa sauti ndogo, "hii bega haiko tayari. Tulijidanganya."

Alimshika Badibanga upande wa kushoto, akamwinua. Badibanga alirudi nyuma ya ngoma, na kutoka huko sauti yake ilisikika.

"Mama, munisamehe. Nane ni nane."

"Aksanti, tata," Mama Mbelu aliiambia ngoma.

"Eyo, mama," ngoma ilijibu.

Umoja walifungwa moja bila. Mama Mbelu, aliyekuwa akiona mechi kwa mara ya kwanza, aliwagawia mikate wachezaji wa pande zote mbili, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu walimwita msaliti hadi jioni. Kipa wa Lubudi mwenyewe alimletea yule kuku kabla ya kupanda gari.

Jumatatu asubuhi aliwasha moto bila kujua kama kuna atakayekuja. Walikuja wote. Walinunua mikate ya moto kama siku zote. Kisha Symphorien aliuliza kidole cha kipa kilichodonolewa kitachukua muda gani kupona, na Kapinga akasema juma mbili, na ubishi ukaanza upya. Jioni, Glodie alituma habari kwamba Guelord amepita na madumu yake kama kawaida.

Jumamosi ya juma la nane mlango wa Mama Mbelu ulibishwa mara mbili. Alifungua huku akijiandaa kusema na ukuta. Lakini hakukuwa na mfuko kizingitini, wala mtu hakuwa amekimbia. Badibanga alikuwa amepiga magoti pale, amevaa suruali ya kanisani, uso umeelekea pembeni. Mikono yake miwili ilikuwa imenyooshwa mbele, na juu yake alikuwa Abigaëlle, amevikwa kofia ya sufu, anamtazama bibi yake kwa mshangao.

Mama Mbelu hakumpokea haraka. Alisimama pale, akahesabu kimyakimya mpaka ishirini, akiuangalia ule mkono wa kulia. Haukutetemeka.

"Aksanti, tata," alisema, akamchukua mtoto.